Muziki una kelele lakini haupigi: kutafuta nani anaubana

Ukiingia Kariakoo ukauliza kompresa, utaonyeshwa ya friji au ya kujazia matairi upepo. Ya kwetu mafundi mitambo haina gesi wala upepo, ila kazi yake ni hiyohiyo ya kubana. Sauti ikivuka kizingiti ulichoweka, inashushwa. Ukiweka resho (uwiano wa kubana) ya 4 kwa 1, kila desibeli 4 (kipimo cha ukubwa wa sauti) zinazovuka kizingiti hutoka 1. Vilele vya sauti vikishabanwa unapata nafasi ya kuinua kila kilichobaki, na wimbo unasikika mkubwa. Limita ni ndugu yake mkali, resho ya 10 kwa 1 na kuendelea, hataki kitu kipite.

Sina ugomvi na kompresa. Karibu kila voko (sauti ya mwimbaji) ya Bongo Fleva unayoisikia imepita humo, na ni sawa. Ninacholetewa mara kwa mara ni muziki uliobanwa mara tano na watu watano wasiojuana: prodyuza, aliyefanya masta (nakala ya mwisho ya wimbo), DJ, fundi wa ukumbi, na mwisho spika yenyewe. Ukimuuliza kila mmoja atakwambia "mimi nimegusa kidogo tu," na wote wanasema kweli. Ndiyo maana hapa hatuanzi na kifaa cha kununua. Tunaanza na dalili, halafu tunamsaka anayebana, tukianza na yule anayekamatwa mara nyingi.

Kwanza tutenganishe vitu viwili. Kama wimbo unasikika kana kwamba uko chini ya maji, na matoazi yanalia kama mchanga unaomwagwa kwenye bati, huko ni kubanwa kwa faili ili liwe dogo, siyo kubanwa kwa sauti. Mara nyingi limepita WhatsApp au limenyofolewa YouTube. Omba faili la asili litumwe kama dokumenti, siyo kama sauti, na shida imeisha.

Jaribio la kufanya kabla ya kugusa kitufe chochote

Sikio linahongeka. Ukilipatia matoleo mawili ya wimbo uleule, moja likiwa na desibeli 1 tu zaidi, litachagua lile kubwa na kuapa kwamba ni "safi zaidi". Kwa hiyo weka matoleo yote mawili kwenye programu, lile lililobanwa na lile ambalo halijabanwa, kisha shusha lile kubwa mpaka yalingane. Sasa sikiliza kwa sauti ya chini, hata kwenye spika ya simu. Kama lililobanwa bado linakupendeza, liache. Kama kiki (ngoma nzito ya chini) imepotea na mwimbaji anasikika kama yuko nyuma ya kioo, endelea kusoma.

Dalili: studio wimbo unatisha, YouTube umenyong'onyea

Hawa ndio wateja wangu wengi. Kijana mmoja alikuja kwangu Mwananyamala na flashi mkononi, amekunja uso. "Kaka, hawa YouTube wameniharibia wimbo. Wa jirani yangu unapiga, wangu umelala." Nikaufungua. Kwenye skrini wimbi la sauti lilikuwa tofali: juu limenyooka, chini limenyooka, kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Ubeti na kiitikio huwezi kuvitofautisha kwa macho. Kipimo kikasoma −6 LUFS.

LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kwa jinsi sikio linavyousikia. Msingi wake ni kiwango cha ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) kiitwacho BS.1770, cha mwaka 2006. YouTube na Spotify huzishusha nyimbo kubwa hadi karibu −14, Apple Music karibu −16. Wimbo wa kijana ulishushwa desibeli 8. Wa jirani yake labda ulikuwa −10, ukashushwa 4 tu. Mwisho wa siku zote mbili zina ukubwa uleule, ila wa jirani kiki yake bado ina kichwa. Wake alishaikata kichwa ili apate ukubwa, halafu ukubwa wenyewe ukarudishwa chini.

Kupima ni bure. Fungua video kwenye kompyuta, bofya picha kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Stats for nerds", tafuta mstari wa content loudness. Ukisoma 6 dB, maana yake wimbo umezidi kwa desibeli 6, na utaona sauti imewekwa karibu asilimia 50. Ukiona namba hasi, wimbo uko chini ya kiwango, na YouTube haitaupandisha.

Wa kwanza kushukiwa ni limita ya masta iliyosukumwa mno. Wa pili ni masta iliyofanyiwa masta tena: prodyuza alishaweka limita kwenye mkondo mkuu (njia inayopitisha wimbo wote), fundi wa masta naye akaongeza yake. Wa tatu anasahaulika, naye ni besi. Besi nzito ya chini ya hezi 40 (mitetemo 40 kwa sekunde), ambayo spika nyingi za mtaani hata haziwezi kuitoa, inakula nafasi yote. Limita inabana wimbo mzima kwa sababu ya kitu ambacho hakuna anayekisikia.

Dawa inafuata mpangilio huohuo. Punguza gein (kiasi cha kuinua sauti) ya limita mpaka ibane desibeli 2 au 3 kwenye kiitikio, na kwenye ubeti isiguse kabisa. Ondoa limita iliyotangulia. Kata besi ya chini isiyo na kazi, halafu rudi uangalie kipimo. Mimi binafsi siifukuzii −14. Nyimbo za kucheza naziacha −9 au −10, zikishushwa sijali, kwa kuwa bado zina uhai.

Onyo: ukibakiwa na lile tofali tu, bila mradi wa wimbo (faili la kazi lenye kila sauti peke yake), usiendelee kuhangaika. Kilichobanwa namna hiyo hakifumuliwi. Zipo programu zinazotengeneza upya vilele vilivyokatwa, nazo husaidia kupunguza mikwaruzo, ila zinakisia. Mtafute mwenye mradi. Kijana wangu alilazimika kumfuata prodyuza wake Mbagala, na alichokileta kilitengenezwa kwa saa moja.

Dalili: kiitikio hakipandi, na wimbo unachosha masikio

Hapa kwanza uliza biti imetoka wapi. Vijana wengi wananunua au wanapakua biti ya MP3 ambayo tayari ina masta na limita juu. Wanaimba juu yake, kisha wimbo wote unapelekwa kwenye limita nyingine. Voko haina pa kukaa, kwa hiyo inasukumwa, na ikisukumwa inaibana biti, na biti ikibanwa inasikika ndogo, nayo inasukumwa. Ndivyo siku inavyoisha.

Mwombe prodyuza vipande: ngoma peke yake, besi peke yake, vinanda peke yake, bila limita. Akikataa au hapatikani, shusha biti kwa desibeli 6 kabla hujarekodi neno la kwanza, na usiweke kompresa yoyote kwenye mkondo mkuu. Iwekee voko tu.

Baada ya biti, anayefuata ni mtindo wa kurundika kompresa tatu kwenye voko moja kwa sababu video fulani ya mafunzo ilisema hivyo. Zizime zote. Badala yake chukua feda (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti) na uandike mapando na mashuko ya voko kwa mkono, neno kwa neno pale linapozama. Inachosha, nakubali. Lakini ukishamaliza utakuta kompresa moja inayobana desibeli 3 inatosha, na kiitikio unaweza kukiinua desibeli 1 na watu wakashtuka.

Dalili: kiki ikipiga, mwimbaji anazama kisha anaibuka

Mafundi tunasema wimbo "unahema". Kompresa iko kwenye mkondo mkuu, besi inaivusha kizingiti, na inapoishusha besi inashusha na wengine wote waliokaa naye.

Izime kwa baipasi (kitufe cha kuiruka) kwanza. Kuhema kukikoma, umempata mhusika. Kama kompresa yako ina kichujio cha ndani cha kuifanya isiisikilize besi, kiweke hezi 100 hivi. Hilo pekee linamaliza kesi nyingi. Kama haina, ongeza ataki (muda kabla haijaanza kubana) hadi milisekunde 30 ili kiki ipite kabla haijakamatwa, na punguza resho iwe 2 kwa 1.

Bado inahema? Angalia rilisi (muda inaotumia kuachia), na hapa hesabu inasaidia kuliko sikio. Gawa 60,000 kwa mwendo wa wimbo. Dansi la mapigo 120 kwa dakika lina milisekunde 500 kati ya pigo na pigo. Singeli ya mapigo 240 ina 250 tu. Ukiweka rilisi ya 400 kwenye singeli, kompresa haipati hata nafasi ya kupumzika. Inabaki imekandamiza wimbo mwanzo mwisho, na wewe unaendelea kupandisha gein ukidhani muziki ni mdogo.

Nikiwa hapohapo kwenye singeli: usiende Manzese kumwambia mtu kwamba singeli yake imebanwa mno. Ule ukali umekusudiwa, na ni mtoto wa mchiriku uliopigwa kwa vinanda vidogo na spika za honi. Kasoro ni pale mwenye wimbo mwenyewe anapolalamika.

Dalili: masta ni safi, lakini kwenye simu inakwaruza

Hii ni fupi. Limita imewekewa dari (kikomo cha juu) ya −0.1, na faili linapogeuzwa kuwa MP3 au AAC vilele vinachomoza juu ya sifuri. Weka dari −1 kwa kipimo cha kilele halisi (true peak), toa upya. Ikikwaruza bado, ichunguze rekodi ya awali ya voko. Huenda ilirekodiwa taa ya maiki ikiwa nyekundu, yaani sauti imezidi, tangu mwanzo, na hapo ni kurudia kuimba.

Dalili: ukumbini unasukuma feda, sauti haiongezeki

Inazidi kuwa kavu tu. Watu wa meza ya mbele wanaziba masikio, wa nyuma wanasema hawasikii.

Mara nyingi kosa liko kwa DJ. Mfuate, angalia taa za miksa yake. Zikiwa nyekundu muda wote, sauti inayokufikia imeshakatwa na hakuna utakachofanya upande wako. Mwambie kwa upole ashuke mpaka kijani, na njano mara mojamoja, wewe utampandishia. Ukimwambia "punguza" mbele za watu, atapandisha. Mfuate sikioni: "Mkuu, nipe kijani, nikupe ukumbi mzima." Maneno haya sijayaona yakigonga mwamba mara nyingi.

Kama DJ ni safi, geuka uangalie spika. Spika za kisasa zenye amplifaya ndani zina limita yake, na taa ya limit ikiwaka bila kuzima, imefika mwisho. Kuongeza hapo ni kuongeza ubanaji. Na usidanganywe na maandishi ya wati: ukizidisha nguvu mara mbili unapata desibeli 3 tu. Ili sauti isikike mara mbili, karibu desibeli 10, unahitaji nguvu mara kumi. Kinachosaidia ni kupanga. Toa sabufa moja kushoto na moja kulia, zilaze pamoja sakafuni katikati, kila moja na amplifaya yake, nazo zitakupa hadi desibeli 6 zaidi ya moja. Inua spika za juu zipite vichwa vya watu, ili wa nyuma wasikie bila kuwaumiza wa mbele.

Saa mbili usiku muziki ulikuwa mtamu, saa tano umelegea, na feda hazijaguswa? Hiyo ni joto. Koili ya shaba ndani ya spika ikipanda nyuzi 200, ukinzani wake unafika karibu mara 1.8, na nguvu inayovutwa na spika inazidi kupungua kila nyimbo zinavyopita. Muziki uliobanwa ndio unaoipasha, kwa sababu hauipi hata sekunde ya kupumua. Shusha desibeli 3 wakati wa chakula, acha zipoe. Usiku wa Februari, ukumbi hauna feni na spika zimefunikwa mapambo ya vitambaa, toa hivyo vitambaa, mpambaji atanuna lakini atanyamaza.

Umeme tunausingizia kuliko haki yake. Amplifaya ya transfoma ikipata volti 200 badala ya 230 inapoteza karibu robo ya nguvu, ambayo ni desibeli 1 na kidogo. Kibaya zaidi ni waya. Mita 50 za waya wa milimita za mraba 1.5, ukivuta ampea 10, zinakula volti 11 au 12 kabla umeme haujafika. Na ule uliozungushwa kwenye kigurudumu ufungue wote, kwa sababu ukiachwa umejikunja unachemka.

Simamisha muziki hapohapo ukiona mojawapo ya haya: harufu ya gundi inayoungua, taa za ukumbi zinazong'aa ghafla kupita kawaida huku nyingine zikififia, au mwimbaji anayesema maiki inampiga shoti mdomoni. Taa za namna hiyo zinaweza kumaanisha waya wa nyutro umeachia, na kwenye umeme wa fezi tatu vifaa vyako vinaweza kupata volti zinazokaribia 400. Shoti ya maiki ni ardhi iliyokosekana, hasa kwenye jenereta. Hiyo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, siyo ya fundi mitambo. Wala usifungue amplifaya kwa kuwa "umeshaichomoa". Kapasita za ndani hubaki na chaji.

Dalili: mshereheshaji akinyamaza, maiki inaanza kupiga mluzi

Kompresa imewekwa kwenye maiki na gein ya kufidia (inayoinua sauti iliyobanwa) imepandishwa. Akisema, inabanwa, kila kitu ni shwari. Akinyamaza, kompresa inaachia, na zile desibeli 6 za kufidia zinabaki wazi. Maiki inaisikia spika, spika inaisikia maiki. Rudisha gein ya kufidia sifuri. Ikibaki inalia, hakikisha kompresa haiendi kwenye spika za jukwaani. Mwisho kabisa ndipo uguse ikwalaiza.

Lakini uliza kwa nini uliweka kompresa. Kwa kawaida ni kwa ajili ya wazee wanaotoa nasaha. Kwenye harusi moja Sinza, baba mkubwa wa bibi harusi alishika maiki kitovuni kama tochi. Msaidizi wangu akasukuma kompresa mpaka mwisho, ukumbi ukapiga mluzi, watoto wakacheka. Nikapanda jukwaani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Mashine yenu mbovu?"

"Hapana baba. Naomba maiki iguse kidevu."

Umbali ukipungua nusu, maiki inapata karibu desibeli 6. Kutoka sentimeta 40 hadi 10 ni desibeli 12, na hakuna kompresa itakayokupa hizo bila mluzi. Mzee aliongea dakika ishirini, na kila mtu alisikia, wakiwemo waliotamani amalize mapema.

Dalili: redioni wimbo unasikika mchafu kuliko wa zamani

Vituo vina mashine yao ya kubana kabla sauti haijaenda kwenye mnara, na huwezi kuizuia. Dansi lililorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970, bendi nzima ikipiga pamoja studio, linafika pale likiwa na vilele vyake, linabanwa mara moja, na tarumbeta bado inaruka. Tofali lako linabanwa tena juu ya kubanwa, na kinachotoka ni mkwaruzo. Wapelekee nakala tofauti yenye limita kidogo, WAV siyo MP3.

Dalili: masikio yanalia baada ya kazi

Hii haina kitufe. Muziki uliobanwa unachosha sikio kwa sababu hauna sehemu ya chini ya kupumzikia. Kwa hesabu inayotumika sana kazini, desibeli 85 ni saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu: 94 ni saa 1, 100 ni dakika 15. Vaa vizibo. Mlio usipoisha ndani ya siku moja au mbili, nenda kwa daktari wa masikio. Sikio moja likizimika ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri harusi ya Jumamosi ipite.

Ukiamua kumpelekea fundi wa masta

Mpe WAV ya biti 24, limita ya mkondo mkuu imetolewa, vilele vikiishia karibu −6. Mpe pia lile toleo lako la kelele, ajue ulikuwa unatafuta nini. Mwambie wimbo utachezwa wapi zaidi, kwenye simu, kwenye bajaji au jukwaani. Na faili lipe jina la wimbo na tarehe. Nina folda nzima ya nyimbo zinazoitwa "final final mpya 2", na nusu yake wenyewe hawakumbuki ipi ndiyo ipi.